Papa wa Amana

Kuna watu waliozaliwa na miguu, na kuna sisi tuliozaliwa na makalio. Wenye miguu utawajua tangu utotoni. Likizo haijaanza vizuri, wao wamekwisha kwenda Mombasa kwa shangazi, Lamu kwenye maulidi, Gongoni kutazama chumvi inavyokusanywa, mradi wasilale kwao. Mimi hata nilipokuwa sekondari, walimu wakipanga safari, asubuhi yake nilikuwa naumwa na tumbo. Mama alikuwa akicheka akisema, "Mwanangu huyu ni mtungi. Ukiuweka mahali, hapo hapo, mpaka wewe mwenyewe uuhamishe."

Basi nikahamishwa. Mjomba alikuwa na watu wake Maskati, na nyumbani kwetu hakuna aliyeniuliza kama nataka. Zama zile kijana aliyemaliza kidato cha nne akaambiwa kuna kazi Uarabuni, kisha akasema "ngoja nifikiri," angepelekwa kusomewa. Nikaenda. Nikawekwa karani wa ghala la mabomba na vigae, kwenye kiti chenye magurudumu, mbele ya mashine ya kutoa baridi, na kumbe mtungi ukiuhamisha hukaa vilevile. Wenzangu walikuja kwao kila baada ya mwaka au miwili, wakaoa, wakazaa, wakajenga. Mimi kila likizo ikikaribia niliifikiria ile safari, masanduku yake, foleni zake, kukaa bega kwa bega na mtu nisiyemjua, nikajiambia: mwakani. Nikakaa huko miaka kumi na moja kwa uvivu mtupu, na watu wa mtaani kwetu Malindi wakidhani natafuta mali.

Sababu ya kurudi nayo haina kichwa wala miguu. Sikufukuzwa, sikuugua, sikugombana na mtu. Siku moja tu nilikuwa nakula wali wa hoteli peke yangu, juu ya meza ya ghala, nikaona kwamba kwa mtu anayejisifu kuwa wa nyumbani, nyumba sina. Nikaacha kazi nikarudi. Si kutembea, si likizo. Kurudi kukaa, mpaka nizikwe nyuma ya msikiti wetu na watu walionijua nikiwa sina meno ya mbele.

Sasa, katika miaka ile yote nilikuwa nimeipika Malindi kichwani mwangu, nikaitia hiliki na karafuu, mpaka ikawa haina taka hata moja. Kwa hiyo kinyaa kilinikuta sijajiandaa. Kilianzia Kilifi. Basi lilitushusha kungoja feri, nami nikawaendea wauza korosho kwa furaha ya mtoto. Mwanamke niliyemchagua alichana gazeti, akalikunja koni, koni ikakataa kufunguka. Akaitia mdomoni akaipuliza, puu! Kisha akazitia korosho zangu mle ndani, juu ya pumzi yake. Nilizishika mkononi hadi ng'ambo. Mama mmoja wa Kigiriama niliyekaa naye kiti kimoja alizitazama, akanitazama.

"Huli, mwanangu?"

"Nimeshiba, mama."

"Hebu zilete." Akazila zote mpaka vumbi lake. "Umetoka mbali, eeh? Watu wa mbali hushiba haraka."

Mtaani kwetu nikaukuta mtaro uleule, na maji yaleyale meusi, na nadhani hata ganda la embe lililokuwa likielea ndilo nililoliacha. Nikarukia ukingo kama paka. Nyumbani, baada ya kulia na kukumbatiana, mama akaniambia nioge. Nyumba yetu ina birika la saruji la maji ya kuogea, na ndani yake, kama ilivyo desturi, mna samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu. Nimeoga na samaki hao utoto wangu wote. Siku hiyo nikateka kopo, nikaona kitu kinanitazama, nikarudisha. Nikateka tena. Yuleyule. Na mende walikuwa wametoka kwenye tundu la choo kuja kunipokea, masharubu yao yakicheza, kama wazee wa mtaa waliokuja kunipa mkono. Nikatoka nimelowa mabega tu.

"Umeoga upesi, baba," mama alisema. "Huko ndivyo mwaogavyo?"

Nje hakukuwa na nafuu. Wazungu walikuwa wamejaa, Wataliana kwa Wajerumani, wakipita mbele ya msikiti na vitambaa viwili mwilini, wekundu kama kaa wa kuchemsha. Niliwaonea kinyaa kwa haki yangu ya mwenyeji. Haki hiyo ilidumu mpaka muuza vinyago mmoja aliponiona, na miwani yangu myeusi, na rangi yangu iliyochujuka kwa baridi ya mashine, akanikimbilia na twiga wa mti, akiniita kwa Kitaliana.

"Chao, amiko! Chao!"

Nikamjibu kwa Kiswahili cha kwetu, chenye tusi ndani.

"Aa, samahani bwana. Nilidhani mgeni." Akanitazama tena kuanzia viatuni. "Lakini si mgeni kweli wewe?"

Hayo yote ningeyavumilia. Lililonishinda ni adabu ya mama.

Kwa miaka nilikuwa nikimtumia vyombo: vikombe vya maua ya waridi vyenye ukingo wa dhahabu, sahani zake, chupa ya chai yenye picha ya tausi. Nilidhani anavitumia. Nikavikuta kabatini nyuma ya kioo, vimewekewa wageni, na sasa Mungu amevipatia mgeni wake. Nikapewa chumba cha mbele na kitanda kirefu cha besera, chenye nguzo nne na chandarua. Nikawa naandikiwa chakula peke yangu, sahani ya waridi na kijiko, huku mama akila jikoni, na mpangaji wetu wa chumba cha uani akipakuliwa kwenye bakuli la bati lililobabuka. Bakuli hilo ni langu. Nimekula humo tangu nikitambaa, na alama za meno yangu zimo.

Mpangaji huyo alikuwa mtu wa bara, mpishi wa mayai katika hoteli moja ya watalii. Alikuwa hajakaa kwetu sana, lakini mama alikuwa akimtukana asubuhi na jioni kama aliyemzaa.

"Wewe mtu wa bara! Ndoo yangu umeitia wapi?"

"Si nimeweka hapo kwa mlango, mama."

"Kwa mlango! Mlango una mikono? Na sabuni nani aliyeiacha majini ikayeyuka?"

"Ni panya, mama."

"Panya wa kwenu ndio waogao na sabuni!"

Mimi kule chumba cha mbele nilisikiliza kwa wivu. Nilipomwaga chai juu ya shuka nyeupe, mama alisema, "Haidhuru, baba, itakauka." Haidhuru! Zamani ningekula mwiko wa bega papo hapo. Lakini kwetu mgeni hakaripiwi. Hata akiichoma nyumba ataambiwa ilikuwa baridi.

Kosa lilikuwa langu, na ni kosa ambalo mtu wa pwani peke yake anaweza kulifanya. Nilikuja na zawadi. Sanduku zima: blanketi, manukato, halua, vitambaa, nikavigawa nyumba kwa nyumba kama inavyopasa. Sasa mtaani kwetu kila mtu anajua kuwa mwenye zawadi ni mpitaji. Aliyekuja kukaa huja na godoro na sufuria, tena huja akiomba chumvi. Lau ningeteremka kwenye basi na godoro kichwani, mtaa mzima ungejua siku ileile. Mimi nikaja na halua.

Jioni ya kwanza nilimwambia mama waziwazi.

"Mama, nimerudi kukaa."

"Inshallah."

"Si inshallah ya kuniondolea. Siendi tena."

Akaacha kuchambua mchele. "Likizo yako ni ya muda gani?"

"Sina likizo. Kazi nimeiacha."

"Umeiacha, au imekuacha?"

"Nimeiacha, mama."

Akatazama mlangoni, kisha akashusha sauti. "Hilo usimwambie mtu. Wallahi usimwambie mtu. Wakikuuliza waenda lini, sema karibu. Neno karibu si uongo."

Nilimwelewa, na ndiyo maana nikanyamaza. Mama yangu ni mjane asiye na shamba wala duka. Mali aliyokuwa nayo ilikuwa ni mimi kutokuwapo. Kwa ajili hiyo harusini alikaribishwa mkeka wa mbele, wanawake wakamwita Mama wa Maskati, na ugomvi ukizuka mtaani yeye aliulizwa la kusema. Nikitangaza kwamba nimerudi kabisa, namvua cheo mbele za watu, na midomo itasema nimefukuzwa. Nisipotangaza, nitazeeka mgeni kwetu, nikilishwa kwa kijiko. Nilitaka neno litoke kinywani mwake mwenyewe, mbele ya watu: mwanangu amerudi. Yeye hakutaka kulitoa.

Basi mizigo ikaanza kuingia.

Msafiri akitoka kwetu haendi mikono mitupu. Kila aliye na mtu wake kule humletea cha kumpelekea, na hicho huitwa amana. Amana hailiwi, haifunguliwi, haitupwi. Unaifikisha, au unairudisha mkononi mwa mwenyewe. Nami kwa kuwa nilikuwa naenda "karibu," wakaniletea. Achari za embe zikaja, chupa zake zimefungwa kwa plastiki na mpira, na mafuta yakijipenyeza yakapata njia. Ubuyu ukaja, na kashata, na mizizi ya dawa ya tumbo kutoka Ganda iliyofungwa katika jani la mgomba, yenye harufu ya mguu wa mbuzi. Mama alipokea kila kimoja kwa uso mkunjufu. "Kiweke hapo, mwanangu, atakichukua." Hapo ni chumbani mwangu, kando ya kichwa changu.

Na siku moja jirani yetu wa ukuta mmoja, bibi mpana mwenye sauti ya muadhini, akaja na papa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umenenepa, mashallah. Kule mwakaa kitako tu?"

"Ndiyo kazi yenyewe, mama."

"Haya. Mpelekee mwanangu papa huyu. Mwambie ni wa chumvi ya Gongoni, kama alivyokuwa akimpenda. Asimpike mchuzi mwembamba, umwambie. Amtilie tui zito, mpaka ajilambe."

Papa alikuwa ubavu mzima, mrefu kama mkono wangu, ametiwa kwenye kapu la ukili. Alikuwa hajakauka sawasawa, maana jirani alimharakisha akiogopa nitaondoka. Nilimpokea kwa mikono miwili. Nilimjua mwanawe vizuri. Kule Maskati aliwahi kuletewa papa kama huyo na msafiri mwingine, nami nilikuwapo. Alimshika kwa ncha za vidole, akamfunga mfuko juu ya mfuko, akaenda kumtupa kwenye pipa la taka la mtaa wa pili ili wenzake wa chumbani wasijue. Lakini hilo utamwambiaje mtu aliyekuja na kapu kifuani?

Panya wakaanza kulizunguka kapu. Mama akamwagiza mpangaji amtundike papa kwenye boriti za dari, juu ya kitanda changu, maana ndipo palipokuwa na ndoano.

"Bwana mkubwa," mpangaji akaniambia akiwa juu ya kiti, pua ameifunga kwa fulana, "hii kitu itaenda Arabuni lini?"

"Karibu."

"Basi iende leo."

Kisha masika ikaingia. Anayeijua masika yetu anajua kwamba hakuna kikaukacho, hata leso iliyoanikwa jikoni. Papa akaanza kutoka jasho. Kwanza yalikuwa ni maji ya chumvi tu, tone moja moja juu ya chandarua, likaacha duara la manjano. Baadaye maji yakawa mazito. Harufu ilikuwa shombo, ikawa uvundo, ikawa kitu kisicho na jina, kitamu kidogo kwa ndani, cha kushika ulimi. Iliingia kwenye mto. Iliingia kwenye shati nililovaa kwenda msikitini, na siku ya Ijumaa nikasali nikiwa na nafasi kubwa kushoto na kulia. Nilipolalamika, mama alisema kwa upole uleule, "Pole, baba. Pua yako imezoea marashi." Nikamwomba tumrudishe papa kwa mwenyewe. Akanitazama kama niliyemwambia avue buibui sokoni.

Nami, nikwambieni ukweli, nilianza kujiuliza kama sikukosea kurudi. Nilikuwa nimelala chali mchana, nikitazama lile duara la manjano, nikitamani ghala la mabomba. Bomba halinuki.

Alasiri moja mvua ikinyesha kwa nguvu, jirani akaja na chupa ya achari ya kumwongezea mwanawe. Mama akamkaribisha chumba cha mbele, maana kibarazani kulikuwa kunalowa, akatoa vikombe vya waridi na sahani ya vileja. Tukakaa watu watatu kitandani, chandarua kimekunjwa pembeni, chini ya papa. Mama alikuwa amechoma ubani wa kutosha maulidi mawili, na ubani na papa wakachanganyika wakawa kitu cha tatu.

"Safari lini, mwanangu?" jirani akauliza.

"Karibu, mama."

"Karibu yako ndefu. Ilianza mvua haijanyesha."

"Mambo ya tiketi," mama akasema. "Kunywa chai, dada, itapoa."

Hapo kitu kikadondoka ndani ya kikombe changu. Kilikuwa cheupe, kinene, na kilijua kuogelea. Nikakitazama. Wao walikuwa wakisemezana habari za harusi. Mtu wa nyumbani hana ushujaa wa vita, lakini wa adabu anao: nikainua kikombe ili nijifanye nakunywa, nikipata nafasi nikimwage nje. Kikombe kikafika mdomoni. Cha pili kikanidondokea puani, kikateleza, kikagusa mdomo wa juu.

Sikuchagua mahali. Nilitapika juu ya sahani ya waridi, juu ya vileja, juu ya ule ukingo wa dhahabu.

Jirani akaruka. Kisha akaona kitu kinatembea begani kwake, juu ya leso mpya. Akakipangusa, akainua macho polepole mpaka darini.

"Papa wangu!"

"Ni mvua, dada," mama akasema.

"Mvua! Papa wangu mwamfugia mabuu! Amana ya mtu haiwekwi ikaoza. Kama haendi, si mngesema haendi?"

"Atakwenda."

"Lini?"

"Karibu."

"Karibu, karibu! Mtaa mzima wajua, Mama wa Maskati. Wakuchekea usoni, nyuma wasema mwanao kafukuzwa. Wasema alikamatwa akiiba mabomba!"

Mama akasimama. Ni mfupi mama yangu, lakini siku hiyo niliona kichwa chake kikikaribia boriti.

"Nani aibe? Huyu?" Akaninyooshea kidole, nami nikiwa bado nimeinamia sahani. "Huyu mvivu wa kunyanyua kikombe ndiye atakayenyanyua bomba la chuma? Hakufukuzwa na mtu! Kazi kaiacha mwenyewe, kwa ujinga wake, kazi ya kukaa kitini kwenye baridi! Ati kapakumbuka kwao! Miaka yote hiyo watu wamejenga, yeye kaleta makalio yaleyale. Haendi! Umesikia? Kawaambie na hao wenye midomo. Haendi popote. Amekuja kuniozea hapa hapa, kama huyo papa wako!"

Mama alikuwa anahema, maana alikuwa amekimwaga kwa kinywa chake cheo chake chote, kikaenda na maji ya mtaro. Kisha akanigeukia.

"Na wewe waduwaa nini kama nguzo? Umeichafua sahani yangu ya wageni. Kaioshe! Usiichovye birikani, utaniulia samaki. Ukimaliza, mteremshe huyo mnyama, na kila amana ya watu uirudishe kwa mwenyewe, leo, mvua inyeshe isinyeshe. Na vikombe hivi usiviguse tena. Ng'o!"

Sikumbuki kuambiwa maneno matamu kama hayo maishani mwangu, na yalinikuta nina matapishi kidevuni.

Nilimteremsha papa mwenyewe. Mpangaji alinishikia kiti, akageuza uso, akawa anasema, "Pole, boss. Pole sana. Lakini mimi sishiki." Nikatoka na mizigo mvuani, mlango kwa mlango. Hodi. Shikamoo. Amana yenu hii, siendi tena. Mlango wa kwanza walinitazama kama aliyekuja kutangaza msiba. Wa pili wakasema, "Kumbe kweli!" Wa tatu, mzee mmoja mcheshi, akaniuliza kama blanketi nililompa naye alirudishe. Nikamwambia alale nalo tu. "Basi karibu nyumbani," akasema, "na kesho uje ututolee maji kisimani, kamba imekatika na wewe ndiye huna kazi." Chupa za achari zilinivujia mkononi hadi kwenye kiwiko. Lile jani la mizizi ya Ganda lilipasuka njiani nikaokota mzizi mmoja mmoja katika tope ambalo majuma machache nyuma nilikuwa nikiliruka kama paka.

Mlango wa mwisho ulikuwa wa jirani. Nililibeba kapu la papa kichwani, na maji yake yakanishuka shingoni, sitaki hata kukumbuka. Alikuwa amesimama kizingitini, hasira zimemwisha, leso ameshaifua.

"Amana yako, mama. Nisamehe."

Hakulipokea kapu. "Yeye hamli siku hizi," akasema. "Au sivyo?"

"Nani, mama?"

"Wajua nani."

"Kule hawana jiko zuri la kupikia…"

"Nimekuuliza papa, sikukuuliza jiko."

Nilitazama miguu yangu. Vidole havikuonekana kwa tope. "Hamli, mama," nikasema.

Akatikisa kichwa kidogo, kama mtu aliyeambiwa jambo alilokuwa amekwisha kulipangia mahali pake moyoni. Akalitoa kapu kichwani mwangu. Alilishika kifuani, mabuu na yote.

"Na wewe wamla?"

Ningeweza kusema hapana. Kila kitu mwilini mwangu, kuanzia kooni kushuka, kilikuwa kinasema hapana.

"Namla, mama."

"Haya," akasema, akafunga mlango.

Jua lilipotoka, nilimwona kupitia uani akimkwangua papa yule kwa kisu, akimsugua kwa ndimu na maji ya moto, akimwanika juu ya paa la banda, akimgeuza, akiwafukuza kunguru kwa ufagio. Niliomba kunguru washinde. Hawakushinda. Adhuhuri moja akaingia jikoni kwetu na chungu kimefunikwa kawa, na ile harufu ikaingia mbele yake, imevaa nazi sasa lakini ni ileile, ningeitambua hata kaburini.

Mpangaji alinyanyuka. "Mimi hiyo hapana, mama."

"Nenda kakaange mayai ya Wazungu," mama akamwambia. Akalichukua bakuli la bati mbele yake, akalisuuza, akapakua wali, akamimina papa juu yake mpaka ukingoni, akaniwekea sakafuni. Sikupewa kijiko. Jirani alisimama mlangoni, mikono kiunoni, ananitazama.

Mchuzi ulikuwa wa manjano, rangi ya lile duara la chandaruani. Kipande kimoja kilikuwa na tundu dogo la mviringo, na nilijua vyema nani alikuwa akikaa humo.

"Kula, ewe," mama akasema. "Wangoja nikutafunie?"

Nikatia mkono. Nikamega, nikafumba macho, nikatia kinywani. Tonge lilikuwa nyuzinyuzi na chumvi na uvundo na tui, na tumbo likapanda juu kuja kuona ni nani anayeingia. Nikalirudisha chini kwa nguvu. Jirani alilitazama koo langu mpaka tonge lilipopita.

"Vipi?" akauliza.

"Chumvi imezidi, mama."

Mwiko wa mama ukanishukia begani, paa! Na mchuzi wake ukanitiririka mgongoni ndani ya shati, wa moto, unanuka.